Wakili Aliyeandika kwa Penseli

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu. Mwenye kibanda walimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukosa gundi, hata siku aliyooa. Kulia kwake alikaa Spika, kinyozi wa jirani, mtu wa kumnyoa mteja nusu kichwa kisha akatoka nje kuja kumalizia hoja. Katikati alikaa Jaji. Jaji hakuwahi kuhukumu hata paka. Alifagia korido za mahakama miaka ishirini na sita, akastaafu na fagio moja na majibu ya kesi zote. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, alikaa Mzee Betri, fundi saa ambaye macho yalimwachisha kazi. Huyu alisema kidogo. Na kila asubuhi aliwapitia Shangazi na birika lake la kahawa. Hakuwa shangazi wa yeyote pale, lakini aliwakemea kama amewalea.

Asubuhi hiyo neno lilikuwa moja tu: nyumba. Gundi, mkewe na mabinti zao watatu walikuwa wamebanana kwenye chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba alishawaambia wakihame chumba kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Gundi alikuwa amelisema hilo benchini mara moja tu, bila kulia-lia. Wiki moja baadaye Mzee Betri akamwita pembeni. "Nyumba yangu ni mlango wa tatu kutoka hapa," alimwambia. "Tangu mke wangu afariki, vyumba vinne vinanizidi. Nunua wewe. Mimi naenda kwa binti yangu." Bei ilikuwa ya huruma. Walipeana mikono, benchi zima likapiga makofi. Ila mke wa Gundi, ambaye anafua mashuka hospitalini na hana muda wa makofi, alisema hagusi karatasi yoyote bila wakili.

— Wakili wa nini? Mzee Betri aliuliza taratibu. Mimi nakupa ufunguo, wewe unanipa mkono. Miaka kumi na miwili tunakalia ubao mmoja.

Gundi alijifanya anatafuta msumari kwenye kopo.

— Si kwamba hatukuamini, Mzee. Ni mama watoto. Anasema shikamoo ni kitu kimoja na hati ni kitu kingine.

— Shemeji ana akili kuliko nyinyi wote mkichanganywa, Shangazi alisema, akimimina.

— Basi chukueni wakili mmoja, Spika akaingilia. Mmoja wa wote wawili. Mnapunguza gharama na kelele.

Jaji alishtuka kama amemwagiwa maji.

— Wakili mmoja kwa muuzaji na mnunuzi? Wewe umeona mechi gani refa amevaa jezi mbili? Wakili wa mnunuzi kazi yake ni kuuliza maswali ambayo muuzaji hayapendi. Hati iko kwa jina la nani? Kuna mtu mwingine anaidai nyumba? Mpaka unaishia wapi? Sasa huyo huyo atajiuliza na kujijibu?

— Sawa, bwana mkubwa, Spika alisema. Na huyo wa mnunuzi anachaguliwaje?

— Kwa kapu la taka.

Wakacheka. Jaji hakucheka.

— Chekeni tu. Mimi nimezoa makapu yao miaka ishirini na sita. Wakili mzuri kapu lake limejaa karatasi zilizochanwa. Ameandika, hakuridhika, akachana, akaandika tena. Wakili mbovu, kapu lake ni maganda ya ndizi na pakiti za biskuti. Kazi yake imetoka sawa mara ya kwanza kwa sababu hata hakuisoma.

— Mimi nasema sauti, Spika alisema. Wakili ni sauti. Akikohoa tu, upande wa pili wanaanza kurudisha vitu ambavyo hata hawakuiba.

— Kununua nyumba sio kugombana, Shangazi alimkata. Mwangalie anavyomsalimia anayemfungulia mlango. Akimpita kama nguzo, na wewe utakuwa nguzo ukishalipa.

— Nyinyi hamfiki mbali, Spika hakukubali. Mnataka wakili mwenye uchungu? Tafuta ambaye mwenyewe bado amepanga. Huyo kila akisoma neno "nyumba" moyo unamwuma. Hawezi kuruka mstari.

— Basi bora mwenye kigugumizi, Jaji akapandisha dau. Kila neno linamtoa jasho. Unadhani atakuandikia la bure?

— Mapacha! Spika alisimama kabisa. Chukua mawakili mapacha. Mmoja asome, mwingine asaini, mambo yakiharibika hakuna wa kusema sio mimi!

— Na wewe mteja wako je? Shangazi aliuliza.

Spika aligeuka. Mlangoni kwake kijana mmoja alisimama na shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa, nusu ina nywele. Spika akakimbia.

Mzee Betri ndiye peke yake hakuchangia. Aliinuka mapema kuliko siku zote, akaacha kahawa nusu. Gundi alimtazama akienda, akahisi kitu kama kokoto ndani ya kiatu, lakini mteja alikuja na mkoba uliokatika mkanda, na kokoto ikasahaulika.

*

Wiki hiyo Gundi alifunga kibanda mara tatu, na kila akirudi alisomewa mashtaka na benchi.

— Wa kwanza vipi? waliuliza.

— Ghorofa ya tano. Kiti chake kinazunguka. Nilikaa mbele yake dakika kumi, tisa alikuwa kwenye simu. Ya kumi akaniambia niongee na katibu.

— Sauti yake?

— Nzito.

— Unaona! Spika alisema, kisha akaona uso wa Shangazi, akanyamaza.

Wa pili alikuwa na ofisi pembeni ya duka la fotokopi. Huyo alikuwa mchangamfu, akamkaribisha Gundi kwa mikono miwili, akatoa karatasi kwenye droo. Zilikuwa tupu, na chini yake zimeshapigwa muhuri.

— Eti tusaini kwanza, atajaza baadaye ili asitupotezee muda.

Jaji alishika kichwa.

— Kimbia, mwanangu. Usirudi hata kama umesahau kofia.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo, chumba kimoja juu ya duka la rangi, harufu ya rangi mpaka kwenye mafaili. Alimpokea Gundi mlangoni mwenyewe. Hakumwambia gharama mpaka alipouliza. Alimwuliza yeye maswali kama thelathini, akayaandika majibu kwa penseli.

— Penseli? Spika alikunja uso. Wakili anaandika kwa penseli kama mtoto wa darasa la pili?

— Nilimwuliza. Akasema mambo ya nyumba hubadilika mpaka siku ya mwisho, wino ni wa siku hiyo.

— Na kapu lake? Jaji aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mgonjwa.

— Limefurika mpaka sakafuni.

Jaji aliegemea ukuta, akafumba macho kwa raha.

— Na akasema hawezi kununulisha mtu nyumba ambayo yeye hajaiona, Gundi aliongeza. Anakuja kesho kutwa.

*

Alikuja saa nne asubuhi kwa miguu, viatu vya chini, mkoba umejaa. Wiki ile alikuwa ameshapita kwenye rejista ya ardhi. Hati ilikuwa safi, kwa jina la Mzee Betri peke yake, haina deni wala kesi. Akaomba aonyeshwe nyumba.

Gundi alimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza aliitazama nyumba ile kama mtu atakayelala ndani yake. Korido, vyumba viwili kila upande. Vitatu vilikuwa vimefungwa, vitanda vimefunikwa mashuka. Cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa na kitanda kimoja, meza, na saa za ukutani kumi na moja, zote zinatembea. Jikoni kulikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja kwenye kichanja. Wakili alipima ukuta wa nyuma kwa hatua, akamwuliza jirani mpaka wao uko wapi, akafungua bomba, akatazama dari. Penseli haikupumzika.

Halafu akaja kukaa benchini. Shangazi alimpa kahawa, naye akapokea kwa mikono miwili, akamwuliza habari za mguu, maana aliona anauburuta. Shangazi akawatazama wanaume kwa jicho la niliwaambia.

— Limebaki moja, wakili alisema, akifungua daftari. Mkataba lazima useme nyumba inakabidhiwa siku gani ikiwa tupu. Mzee wangu, siku hiyo wewe unahamia wapi?

— Kwa binti yangu, Mzee Betri alisema.

— Niandike anwani ipi?

Mzee Betri alitazama kahawa yake. Kila mtu alisikia msumeno wa fundi seremala mtaa wa pili.

— Si kwa binti yake, Spika alimsaidia. Anakaa kule... Jaji, binti yake Mzee anakaa mji gani?

— Mimi nijuaje? Nilidhani wewe unajua. Gundi?

Gundi alifungua mdomo. Alijua kisigino cha kushoto cha Mzee Betri huisha haraka kuliko cha kulia. Alijua hapendi sukari. Alijua mkewe alizikwa siku ya mvua, maana yeye na Jaji ndio walioshika kamba za jeneza. Lakini miaka kumi na miwili ubao mmoja, na hakujua binti wa mtu huyu anaishi wapi. Tena alikuwa ameshampa mkono, ameshamweleza mkewe wapi watoto watalala, na hakuwahi kuuliza mwenye nyumba naye atalala wapi.

— Shangazi? alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi alitikisa kichwa. Hata yeye.

— Mimi ni wakili wa huyu bwana, Mzee, sio wako, yule mama alisema polepole. Siwezi kukulazimisha kunijibu. Lakini siwezi kuandika kwamba nyumba itakuwa tupu kama sijui aliyekuwemo amekwenda wapi.

Mzee Betri aliweka kikombe chini, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea vitu vidogo.

— Binti yangu ana vyumba viwili, alisema. Ana mume, watoto wanne na mama mkwe. Sijamwambia kwamba nauza. Ningetafuta chumba mahali.

— Mahali wapi? Gundi aliuliza.

— Mahali.

Akainuka, akaenda zake. Wakili alifunga daftari bila kuandika kitu.

*

Siku tatu benchi lilikuwa na nafasi ukutani na hakuna aliyethubutu kuikalia. Siku ya nne asubuhi Gundi alifungua kibanda, akakifunga tena, akaenda kugonga mlango wa tatu.

Alimkuta Mzee Betri ameketi kitandani, anaipangusa saa kwa kitambaa.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Umekuja kuvunja biashara?

— Nimekuja kuuliza kwa nini ulinidanganya.

— Kwa sababu ningesema kweli usingenunua.

— Na kweli nisingenunua!

— Basi unaona nilikuwa sahihi. Mzee alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamshinda. Mabinti zako wanafanyia masomo kwenye ngazi za jirani, Gundi. Nawaona. Mdogo anaandikia magotini. Na mimi hapa nina vyumba vitatu vimelala tangu asubuhi mpaka asubuhi. Unajua kwa nini nazitia betri saa zote hizi? Macho yenyewe siku hizi hayaoni mishale. Nataka kitu kipige kelele humu ndani.

Gundi alikaa chini, sakafuni.

— Basi usihame. Baki. Sisi tuna vyumba vitatu vya kututosha.

— Hapana.

— Mzee...

— Hapana, mwanangu. Leo unanikaribisha kwa sababu umenionea huruma. Mwaka kesho huruma imeisha, mimi bado nipo kwenye korido nakohoa. Nimewahi kukaa nyumba ya watu. Unajifunza kutembea bila kusikika. Sitaki kujifunza tena.

Gundi alirudi nyumbani akamweleza mkewe neno kwa neno, naye akasikiliza huku anakunja nguo, akaifunga kanga vizuri, akatoka. Gundi akamfuata.

Kwa Mzee Betri mama watoto hakukaa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, mikono kiunoni.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Sina muda. Mimi naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Huyu anafungua kibanda saa moja. Watoto wanatoka shule saa saba mchana, na mdogo ufunguo hawezi kuuzungusha. Nani atawafungulia mlango?

Mzee Betri alimtazama.

— Sikuombi ubaki, mke wa Gundi aliendelea. Wewe ni mtu mzima, amua. Nauliza tu nani atawafungulia, maana nikipata jibu la swali hilo ndio nitajua kama nyumba hii inanifaa. Na mkubwa anashindwa hesabu, na baba yao huyu hesabu yake ni ya viatu, jozi jozi.

Zile saa kumi na moja za ukutani zikagonga, kila moja kwa wakati wake.

— Hesabu za sehemu au za herufi? Mzee Betri aliuliza.

— Za sehemu.

— Sehemu ni rahisi. Alisafisha koo. Sehemu tatizo lake ni kwamba wanazifundisha wakiwa na haraka.

Gundi aligeuka kutazama barabara, kwa sababu uso wake haukuwa wa kutazamwa wakati huo.

*

Wakili aliposikia, hakusema "vizuri sana" wala hakufuta jicho. Alichonga penseli.

— Hilo halikai mdomoni, alisema. Linaandikwa. Chumba cha mbele ni cha Mzee kuishi mpaka atakapotaka kuhama mwenyewe. Mlango mkubwa, jiko, bafu, anatumia kama nyinyi. Na likasajiliwe pamoja na hati, ili hata Gundi akifariki, au akiuza, anayekuja alikute.

— Sisi hatuwezi kumfukuza, wakili, Gundi alisema, kidogo ameumia.

— Najua leo hamwezi. Nawaandikia siku mtakayogombana juu ya redio. Siku hiyo Mzee asitembee kwa kunyata.

Gundi alikumbuka maneno ya korido na kukohoa. Hakuwa amemwambia wakili maneno hayo.

— Na kitu kingine. Mzee atafute wakili wake. Amsomee peke yake, mimi na wewe tukiwa nje.

Basi benchi likapata kazi upya, ila safari hii hakukuwa na mapacha wala kigugumizi. Jaji alichukua fimbo yake akaondoka asubuhi, hakurudi mpaka jua la mchana. Alikuwa amezunguka ofisi saba, kila moja anasingizia kupotea njia huku anachungulia chini ya meza. Alirudi na jina la kijana mmoja, wakili wa mwaka wa pili tu, kapu limejaa, na amesimama kumpisha mama wa usafi apite. Shangazi alimpitisha papo hapo. Spika aliuliza sauti yake ikoje, akaambiwa ni nyembamba, akasema basi itabidi tuvumilie.

Kijana yule alimsomea Mzee Betri mkataba kwa saa nzima, mlango umefungwa. Gundi alingoja nje na mkewe. Kila sauti ya Mzee ilipopanda ndani, mke wa Gundi alimshika mumewe mkono wenye gundi, ilipotulia akauachia. Mlango ulipofunguliwa, Mzee Betri alitoka anapepesa macho.

— Amenibadilishia sentensi mbili, alisema, na kifua kimemjaa. Kwa faida yangu. Wakili wangu.

Wakili wa penseli alizisoma zile sentensi mbili, akatikisa kichwa kukubali, akatoa kalamu ya wino.

*

Walihama Jumamosi, siku sita kabla ya mwenye nyumba wao kuja kudai ufunguo. Jumatatu yake asubuhi benchi lilikaa kama kawaida. Gundi alikuwa na kiatu mapajani, usingizi machoni. Usiku wa kwanza na wa pili alizunguka korido akihesabu milango, kama mtu asiyeamini. Spika alikuwa anaeleza kwa nini wakili bora ni yule aliyezaliwa wa mwisho kwao. Jaji alikuwa anapinga. Kahawa ilikwenda haraka, kwa sababu kijana wa kapu alipita akielekea mahakamani, akakaa, akanywa vikombe vitatu.

Shangazi aliinamisha birika mpaka tone la mwisho. Kikombe kikajaa. Jaji akanyoosha mkono.

— Acha hicho, Shangazi alisema.

— Kina mwenyewe?

— Cha mwenye nyumba.

— Mwenye nyumba si huyu hapa? Jaji alimwonyesha Gundi. Ameshakunywa, tena viwili.

Kutoka mlango wa tatu ilisikika sauti ya Mzee Betri, juu kabisa, ikimwambia mtu kwamba viatu havivaliwi hivyo, kushoto ni kule kwingine, na kengele ya shule haimsubiri mtoto wa mtu. Vicheko vya watoto vikamjibu. Akawakemea tena, kwa sauti kubwa zaidi.

— Yule mwingine, Shangazi alisema, akakifunika kikombe kwa kisahani kisipoe.